Unaenda kusoma semista moja Berlin? Anza na anwani

Ikifika mwezi wa tano hivi, majibu ya skolashipu yakishatoka, meseji zinaanza kuingia kwenye simu yangu na zote zinafanana: "Shikamoo, nimepata nafasi ya semista moja Berlin, eti nibebe koti la aina gani?" Jamani, koti mtalikuta kule. Kinachowatoa watu machozi Berlin siyo baridi, ni anwani. Bila anwani hujiandikishi manispaa, bila karatasi ya manispaa benki inakuzungusha, bila akaunti ya benki hela ya skolashipu haiingii, na bila hela huyo mwenye chumba utamlipa nini. Na semista yenyewe ni fupi, masomo ya muhula wa baridi yanaanza katikati ya mwezi wa kumi na kuisha katikati ya mwezi wa pili, ukitumia wiki sita kuhangaika na makaratasi theluthi ya masomo imeshakwenda.

Basi hii nawaandikia wadogo zangu mnaotoka vyuo vya huku nyumbani kwa programu za kubadilishana wanafunzi, iwe unaenda Humboldt, Freie Universität au Technische Universität, taratibu kwa sehemu kubwa ni zile zile. Nimefuata mpangilio wa kalenda, kwa hiyo mambo makubwa na madogo yamechanganyika humo humo.

Miezi sita kabla: kozi

Karatasi ya kwanza inaitwa Learning Agreement. Inasainiwa na pande tatu, wewe, chuo chako na chuo cha kule, na inasema utasoma kozi gani na ukirudi zitahesabiwa badala ya zipi. Wengi wanaijaza usiku mmoja kabla ya dedilaini kwa kunakili majina ya kozi yaliyowapendeza. Usifanye hivyo. Mzigo kamili wa semista ni pointi 30 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa kozi, na Ujerumani pointi moja wanaihesabu kama saa 30 za kazi, ikiwemo kusoma mwenyewe, kwa hiyo kozi ya pointi 10 siyo ya kuhudhuria ukijisikia. Halafu kozi za Kiingereza kwa digrii ya kwanza si nyingi kama tovuti zao zinavyokufanya uamini. Humboldt ratiba yote iko kwenye mfumo unaitwa AGNES, ingia humo, tafuta muhula kama wako wa mwaka uliopita, uone kozi gani zilifundishwa kwa lugha gani. Weka na mbili tatu za akiba, maana seminari nyingine zinajaa kabla hata kipindi cha kwanza hakijaanza.

Na makubaliano na idara yako yawe kwa maandishi. Mimi niliambiwa "wewe nenda tu, tutaona ukirudi". Nikarudi, aliyeniambia ameshahamia kitengo kingine, na mrithi wake ananiangalia kama nimetoka matembezini.

Wakati unaongea nao waulize pia maksi watazibadilishaje, sababu maksi za Wajerumani zimepinduka: 1,0 ndiyo ya juu kabisa, 4,0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5,0 umefeli. Kwa sisi tuliozoea GPA ya 5 ndo bingwa inachanganya kweli. Nilimtumia mama picha ya 1,3 nikiwa najisifu, akanipigia usiku huo huo kuniuliza mwanangu una matatizo gani huko.

Miezi minne kabla: visa na chumba, kwa pamoja

Watu wanasubiri visa itoke ndo watafute chumba. Hapana, vyote viende sambamba, kwa sababu visa ikichelewa utapoteza wiki chache lakini chumba kikikosekana utapoteza semista.

Visa unayotaka ni ya taifa, aina ya D, sababu utakaa zaidi ya siku 90. Usije ukadanganywa uende na ile fupi ya Schengen ukidhani utaibadilishia huko huko. Ada ni yuro 75, ila wenye skolashipu za hela za umma kama Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya au DAAD ya Ujerumani kwa kawaida husamehewa, kwa hiyo barua ya skolashipu iwe juu ya faili, siyo chini. Watataka uonyeshe hela ya kujikimu, na kiwango kilichowekwa tangu 2024 ni yuro 992 kwa mwezi. Skolashipu ikifikia hapo barua inatosha. Isipofikia, unaweza kuambiwa uonyeshe pengo lililobaki, na hapo ndo linapokuja jina Sperrkonto, yani akaunti unayoijaza yote kabla ya kusafiri halafu unaachiwa kidogo kidogo kila mwezi. Omba mapema kadiri unavyoweza, miezi mitatu kabla siyo mapema sana, maana faili likiwa na karatasi moja pungufu linarudi mwisho wa foleni.

Bima ya afya: ukiwa chini ya miaka 30 unaingia bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi, mia na kitu yuro kwa mwezi, na kampuni ya bima ndo inatuma taarifa ya kielektroniki chuoni, wenyewe wanaiita M10. Bila M10 chuo hakikusajili. Andika hiyo herufi na namba mahali, utaitaja sana.

Sasa chumba. Kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni hosteli za Studierendenwerk, hilo ni shirika la huduma za wanafunzi, bei zake ni nafuu kuliko mtaani lakini foleni yake ni ndefu, kwa hiyo omba siku ile ile unayopata barua ya kukubaliwa na uandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo unachoenda uwaulize kama wana vyumba walivyotengewa. Ya pili ni WG, yani watu watatu wanne wanagawana fleti, kila mtu na chumba chake, jiko na choo mnachangia. Yuro 500 mpaka 700 kwa chumba cha WG siku hizi ni kawaida tu, ukiona 300 katikati ya jiji kwa picha nzuri kama za hoteli ujue kuna jambo.

WG wanakuhoji. Siyo utani, mnakaa kwenye video wakuulize unapika nini, unalala saa ngapi, ukikuta vyombo vichafu unafanyaje. Meseji ya "hello is the room available" haijibiwi, na nisiwadanganye, wapo ambao wakiona jina lako hawatajibu hata ukiandika shairi. Tuma nyingi. Andika mistari kumi hivi, wewe nani, unasoma nini, unafika tarehe ngapi unaondoka tarehe ngapi, na kitu kimoja cha kibinadamu, mimi niliandika kwamba nitapika pilau Jumapili moja kila mwezi na nadhani ndo iliyonipa chumba (nilipika mara mbili tu, Mungu anisamehe).

Kwenye tangazo angalia maneno manne. Kaltmiete ni kodi tupu, Warmmiete ni kodi pamoja na joto na maji, linganisha Warmmiete na Warmmiete. Kaution ni depoziti, na kisheria haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu. La nne ndilo kubwa: Anmeldung, kujiandikisha anwani. Muulize mwenye nyumba moja kwa moja kama unaruhusiwa kujiandikisha hapo na kama atakupa Wohnungsgeberbestätigung, jina refu kama treni lakini ni karatasi ya ukurasa mmoja tu inayosema fulani anakaa kwangu kuanzia tarehe fulani. Akisema chumba kipo ila hakuna Anmeldung, achana nacho hata kama kina balkoni.

Na hela usitume kabla mtu wa kwako hajaingia ndani ya hicho chumba. Mimi nilibakiza kidogo nitume yuro 800 kwa bwana mmoja aliyesema yuko nje ya nchi kikazi na funguo atazituma kwa posta. Kilichoniokoa ni jamaa mmoja wa Kitanga aliyekuwa Berlin, nilimwomba apite pale aangalie, akanitumia voisinoti ya sekunde nne: "Mwanangu hapa ni kinyozi."

Kuhusu eneo, usichague mtaa kwa sifa zake, chagua reli. Freie Universität iko Dahlem kusini magharibi, tafuta kitu karibu na U3 (hizi U ni njia za treni ya chini ya ardhi). Technische iko Ernst-Reuter-Platz, U2. Humboldt jengo kuu liko Unter den Linden, na U6 inakushusha stesheni yenye jina hilo hilo, ndo maana mimi nilikaa Wedding kaskazini, treni moja tu, hubadilishi.

Begi

Hapa nitapita haraka. Nyama na maziwa na vyote vinavyotokana navyo haviingii Ulaya kwenye begi, hata kama bibi amekaushia mwenyewe. Embe bila cheti cha afya ya mimea haliingii, ndizi, nanasi, nazi na tende zinaruhusiwa. Unga, viungo na majani ya chai beba. Soketi zao ni za matundu mawili ya duara kwa hiyo chaja yetu ya pini tatu inataka adapta. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, barua zote, chapisha na skani na ujitumie kwa imeili. Koti ni hilo hilo la kufikia tu, la kweli utanunua kule, kuna duka kubwa la mitumba la Humana pale Frankfurter Tor, ghorofa kadhaa, mtu aliyezoea Karume atajiona yuko nyumbani ila hakuna wa kukuita "njoo dada angu".

Wiki mbili za kwanza

Uwanja wa ndege wa Berlin, BER, uko ukanda wa C wa nauli, nje ya ule wa A na B, kwa hiyo nunua tiketi ya ABC, siyo AB, na ile ya karatasi uigonge muhuri kwenye kile kimashine kabla ya kupanda. Hakuna mageti, hakuna konda, utaona kama bure. Halafu siku moja watu wawili waliovaa jinzi kama abiria wenzako wanasimama milango ikifungwa wanasema "Fahrscheine bitte", yani tiketi tafadhali, na faini ni yuro 60. Tiketi ya semista inakuja pamoja na ada ya usajili na inakubeba kwenye mabasi, treni za mjini na treni za mikoa Ujerumani nzima (zile za kasi za ICE hapana), lakini inaanza tarehe 1 mwezi wa kumi, ukifika mwezi wa tisa unajilipia. Hapo ndo wageni wengi wanapokamatwa.

Ukishahamia, kisheria una siku 14 za kufanya Anmeldung kwenye ofisi inaitwa Bürgeramt. Apointimenti Berlin ni kama tiketi za dabi ya Kariakoo, zinaisha. Weka kabla hata hujasafiri, na chukua ofisi yoyote ya jiji, si lazima ya mtaa wako. Kila asubuhi angalia tena, watu wanaghairi. Siku ya kwenda beba paspoti, fomu, na ile karatasi ya mwenye nyumba. Kwenye fomu kuna swali la dini, watu wanajaza kwa moyo mweupe bila kujua lipo kwa ajili ya kodi ya kanisa, inayokatwa kwa wenye kipato kinachotozwa kodi. Wewe mwanafunzi wa semista moja haitakugusa ila ujue unachojaza.

Dakika kumi umemaliza, unatoka na karatasi moja yenye muhuri. Piga picha. Hiyo ndo inayofungua benki, na benki inafungua skolashipu.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri maana hakuna aliyeniambia. Ujerumani barua haziji kwa namba ya fleti. Posta anasoma jina lililoandikwa kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlangoni, jina halipo basi wewe haupo, barua inarudi ilikotoka. Nilifungua akaunti wiki ya pili, nikasubiri kadi. Wiki ya tatu kimya, ya nne kimya, nakula mkate na jamu. Nikaenda, dada wa kaunta akaangalia kompyuta akaniambia barua yako imerudi mara mbili, mpokeaji hajulikani. Nimekaa jengo hilo mwezi mzima na hakuna anayenijua! Jioni ile nikachukua plasta nyeupe ya kidonda, nikaandika jina la mwisho kama lilivyo kwenye paspoti kwa kalamu ya maka, nikabandika kwenye sanduku chini ya majina ya wenzangu watatu. Kadi ilifika baada ya siku tano. Namba ya siri ilikuja na barua nyingine siku mbili mbele, wanazitenganisha kwa usalama. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujafungua begi, jina kwenye sanduku.

Barua zitaanza kumiminika baada ya hapo. Moja itasema unadaiwa Rundfunkbeitrag, ada ya redio na televisheni, yuro 18,36 kwa mwezi, na utasema mimi sina tivii. Haijalishi. Ila inalipwa moja kwa fleti, kwa hiyo ukiwa WG uliza nani analipa, chukua namba yake ya malipo uwajibu. Usiitupe barua yoyote yenye nembo, nyingi zina tarehe ya mwisho ndani.

Ukishatulia

Ratiba ikisema saa nne c.t. maana yake kipindi kinaanza saa nne na robo, ikisema s.t. ni saa nne kamili. Profesa anaitwa kwa jina la ukoo na cheo mpaka aseme vingine, lakini kumpinga darasani ni sawa kabisa na wakati mwingine ndo wanachosubiri, mimi wiki tatu za kwanza nilikaa kimya kwa adabu nikaja kuambiwa naonekana sijasoma.

Chakula cha mchana kula Mensa, kantini ya wanafunzi, unashiba kwa yuro chache. Mboga za nyumbani: wakati wa baridi tafuta Grünkohl, ni ndugu wa damu wa sukuma wiki, ila wao wanaichemsha mpaka inakata tamaa, wewe kaanga na kitunguu. Unga mweupe wa mahindi upo kwenye maduka ya Waafrika Wedding. Soko la Waturuki pale Maybachufer ni Jumanne na Ijumaa, jioni wanapofunga wanapiga bei chini na kelele zake ni dawa ya kukumbuka nyumbani. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, ukisahau kununua Jumamosi kimbilia yale ya stesheni kuu, Hauptbahnhof. Makopo na chupa za plastiki za kutumika mara moja usitupe, vina depoziti ya senti 25, kumi ni yuro 2,50 unayorudishiwa dukani na mashine. Saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa kimya, jirani atapiga polisi na hata kukuonya hatakuonya.

Giza ni habari nyingine. Mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Weka kila siku sababu moja ya kutoka nje mchana. Kwangu ilikuwa mtaa. Pale Wedding kuna Afrikanisches Viertel, yani mtaa wa Kiafrika, unatembea unakuta Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, majina yanayokumbusha ukoloni wao, na ile Petersallee iliyokuwa na jina la Carl Peters, yule aliyeitwa Mkono wa Damu, ilibadilishwa 2024 na kipande chake kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Na nenda makumbusho ya Museum für Naturkunde ukamwone mjusi wetu, yule dinosaria. Zaidi ya mita 13 kwenda juu, mifupa iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Nilisimama chini yake nyuma ya darasa la watoto wa chekechea, mwalimu wao akisema Tendaguru kwa lafudhi yake, nikajikuta namrekebisha kwa sauti.

Rafiki wa kweli utampata kwa Kiswahili, amini usiamini. Berlin walianza kukifundisha 1887, Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka Bagamoyo alifundisha huko tangu 1900, na Humboldt mpaka leo kuna wanafunzi wanaokisoma na wanatafuta mtu wa kuongea naye. Saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani, na huyo huyo ndo atakusomea zile barua.

Namba za kuweka kwenye simu: 112 ambulansi na zimamoto, 110 polisi, 116117 daktari wa baada ya saa za kazi. Ukipata homa wiki za mwanzo mwambie daktari bila kuulizwa kwamba umetoka eneo la malaria, yeye atafikiria mafua.

Kuondoka

Tiketi ya ndege ya kurudi usikate mwezi wa pili kwa kuwa masomo yameisha. Mitihani mingine inakuja baada ya hapo na insha ndefu zao, Hausarbeit, mara nyingi zinakabidhiwa mwisho wa mwezi wa tatu. Uliza kila kozi wiki ya kwanza. Kabla hujaondoka pitia ofisi ya kimataifa wakujazie karatasi ya kuthibitisha tarehe ulizokaa, bila hiyo sehemu ya mwisho ya skolashipu inaweza kukwama, na uliza cheti cha maksi kitatumwa lini na kwa nani, kwako au chuoni kwako. Bima andika barua ya kuisitisha, laini ya simu ya mkataba hivyo hivyo, Ujerumani kitu hakifi chenyewe. Kujiondoa kwenye anwani, Abmeldung, unaweza kufanya kuanzia wiki moja kabla ya kuondoka, na nakala yake ndo inayokata bima na ile ada ya redio.

Chumba kipige picha kila kona siku ya kuingia na siku ya kutoka. Akaunti ya benki usiifunge mpaka depoziti irudi, na haitarudi siku unayokabidhi funguo. Yangu ilirudi mwezi wa sita nikiwa nimeshakaa nyumbani miezi miwili, imekatwa yuro 40 za kusafisha jiko, jiko ambalo nililisugua mwenyewe kwa magadi mpaka saa nane usiku, na picha za kutoka nilikuwa nimepiga za chumba tu.